Nilichokikata kwenye Masomo ya Mwalimu Mhando

Swali lililoninyima usingizi mwaka huu lilikuwa fupi. Mtu akikukabidhi kitu ukitunze, nawe ukakitupa kwa kudhani ni takataka, utamwambia nini siku akija kukichukua? Kwa siku tisa nililigeuza swali hilo kama mtu anavyougeuza mto akitafuta upande wa baridi. Siku ya kumi nikaamua, na uamuzi huo ndio ulionifanya nikuandikie.

Nakuita mwanangu, usicheke. Nina miaka ishirini na sita, sijaolewa wala sijazaa, na wewe unayerithi kamera zetu pale chuoni huenda umenizidi hata kimo. Lakini aliyetangulia kutumbukia shimoni ana haki ya kusimama ukingoni akawaonya wanaokuja, awe mkubwa, awe mdogo. Mimi nilitumbukia mapema. Niazime uzee kwa muda mfupi, nitaurudisha.

Inanijia mara nyingi asubuhi ile tuliyoingiza kamera darasani kwa mara ya kwanza. Ilikuwa masika. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka milimani ukajaa madirishani, hata mtu aliyekaa dawati la nyuma angedhani chuo kizima kinaelea, na Korogwe yote imebaki chini kabisa, kimya. Tulikuwa wawili. Mimi nilikuwa mhariri, na mwenzangu Ombeni ndiye aliyeshika kamera. Ombeni ni mtoto wa Hale. Baba yake alifanya kazi kwenye kituo cha umeme cha huko mpaka akastaafu, na Ombeni alipenda kujisifu kwamba yeye hakunyonya maziwa, alichajiwa. Tulikuwa tumeanzisha huduma yetu wenyewe, wanafunzi kwa wanafunzi. Aliyekuwa anaumwa au aliyekwenda msibani alilipata somo kwenye simu. Midahalo tulirekodi, kwaya tulirekodi, mahafali tulirekodi.

Mwalimu Mhando alikuwa mkufunzi wetu wa mbinu za kufundisha hesabu, mtu wa Handeni, mwembamba, amebakiza miaka miwili kustaafu. Aliitazama kamera kama mtu anavyomtazama ng'ombe wa jirani aliyeingia shambani.

"Hiyo inakula nini?" akauliza.

"Inakula umeme tu, Mwalimu," akasema Ombeni. "Majani haigusi."

"Na ikishakula, inatunza?"

"Kila kitu."

Mwalimu akatikisa kichwa taratibu. "Basi rekodini. Ila nina sharti moja. Msitupe kitu. Mimi siandiki nukuu kama wenzangu. Somo langu ni yale wanayosema hawa." Akanyoosha mkono kuelekea madawatini. "Tunaelewana, binti?"

"Tunaelewana, Mwalimu. Naahidi," nikasema mimi, Zubeda, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Ahadi ni deni. Methali hiyo niliijua tangu darasa la pili. Lakini kuijua methali ni jambo moja, na kuishika pale inapokuchoma mkono ni jambo jingine.

Sasa nikueleze alivyofundisha, maana bila hilo hutaelewa. Mwalimu Mhando aliuliza swali, halafu akanyamaza. Hakunyamaza kama wanavyonyamaza walimu wengine, kwa kuhesabu hadi tatu moyoni kisha wakamtaja mtu. Yeye alinyamaza kabisa. Alitoa kitambaa mfukoni akapangusa chaki kidole kimoja kimoja, akatazama nje, akatulia. Feni ilizunguka. Mbali huko ungesikia trekta la mkonge likinguruma, likikaribia, likienda zake. Jua lilisogea kwenye sakafu hata likafika kwenye viatu vyako. Ukianza kudhani amesahau kwamba tupo, mtu mmoja nyuma angekohoa, akasema jambo. Mara nyingi lilikuwa kosa. Mwalimu hakusema "kosa". Alisema, "Ahaa. Hebu tufuate njia hiyo tuone inatoka wapi." Tukaifuata, darasa zima, kama watu wanaotembea usingizini.

Nikifumba macho leo ndicho ninachokiona, ukimya ule na mwanga ule. Lakini wakati ule, mwanangu, niliuona ni upungufu.

Na sikuwa peke yangu. Wenzangu walilalamika. "Dada Zube," aliniambia mmoja, "saa mbili nzima mtu anapangusa chaki? Bando langu linakata, Mwalimu bado anamsubiri mtu!" Nikaona wana haki. Bando si mvua kwamba linamwagika bure. Nikaanza kukata. Kwanza nilikata kikohozi na kupangusa vidole. Nani angelilia vidole? Halafu nikakata ukimya. Halafu, kwa kuwa mkasi ukishaonja hautulii, nikakata majibu ya wanafunzi yaliyokosewa, nikaacha swali na jibu sahihi tu, yamekaa bega kwa bega. Somo la saa mbili likawa la dakika thelathini. Watu walifurahi hata wakanibandika jina, Zube Mkasi. Nilipita kwenye bwalo la chakula nikisikia naitwa hivyo, nikatembea kama bibi harusi.

Yakaja mahafali. Tulitakiwa kurekodi kila kitu kwa siku mbili, na diski yetu ilikuwa imejaa hadi shingoni. Nikayatazama yale masomo mazima ya Mwalimu Mhando, marefu, mazito, yenye feni na matrekta. Nikajiambia yaliyo mafupi yapo, haya marefu ya nini? Nikayafuta yote. Kazi hiyo haikuchukua hata muda wa kunywa chai. Wazee walisema usitupe mbachao kwa msala upitao. Mimi niliutupa, na msala wenyewe ulikuwa picha za keki na za watu wakicheza muziki.

Ombeni alikuwepo. "Una uhakika?" akaniuliza.

"Nani atayataka?" nikamjibu.

Miezi michache baadaye nilipelekwa kwenye mazoezi ya kufundisha, shule ya msingi moja upande wa Kwamndolwa, darasa la tano. Mwalimu Mhando ndiye aliyekuja kunikagua. Alikaa nyuma kwenye dawati la watoto, magoti yamemfika kidevuni, akawa anaandika. Nilifundisha kwa kasi nzuri sana, hata nikajipongeza. Kengele ilipolia, watoto wakatoka, akanifungulia daftari lake.

"Umeuliza maswali kumi na tisa," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nani kayajibu?"

Nilikuwa nimeyajibu mwenyewe, yote. Niliuliza na pumzi ileile nikajibu, swali na jibu bega kwa bega.

"Binti yangu," akasema, wala hakuwa mkali, "kama ni hivyo ungebaki bwenini ukafundisha kioo. Kioo nacho kina adabu, hakikatishi mtu." Akacheka kidogo. Kisha akauliza, kama mtu anayejiuliza mwenyewe, "Hii haraka umeitoa wapi? Kwangu hukuiona."

Alikuwa hajui. Mimi nilijua. Nilikuwa nimekaa miezi mingi nikiutazama ualimu wa mtu yule bila kusubiri kwake, nikaunywa hivyo, ukaniingia damuni. Hapo ndipo ningemwambia. Mlango ulikuwa wazi, sisi wawili tu, chaki inaelea kwenye mwanga. Nikasema, "Nitajirekebisha, Mwalimu." Akaniwekea alama nzuri kuliko nilizostahili, akaenda zake. Kosa la kwanza lilikuwa la ujinga, nalo ujinga una dawa. Hili la pili lilikuwa la woga, nami nililibeba hadi nikamaliza chuo.

Mwaka huu akanipigia simu. Ameshastaafu, amerudi kwao Handeni. Sauti ilikuwa ileile ya taratibu.

"Binti yangu Zubeda, hujambo? Sasa nimepata muda wa ile kazi yangu. Nataka kuandika kijitabu cha walimu wachanga. Si cha majibu, vya majibu viko tele. Nataka kiwe cha makosa. Makosa yale mazuri ya darasani. Wewe unayo yote. Nitafutie masomo yale mazima, mwanangu, kichwa changu kimeanza kuvuja."

Nikasema, "Sawa, Mwalimu, nitayatafuta." Nikamwambia nitatafuta kitu ninachojua hakipo!

Hapo ndipo zilipoanza zile siku tisa. Nikamwendea Ombeni, ambaye sasa ana studio ndogo ya picha mjini Korogwe.

"Sema diski imeungua," akasema bila hata kuinua macho kwenye kazi yake.

"Ombeni!"

"Dada, umeme umepanda, umeshuka, kifaa kimekufa. Nani atabisha? Mimi mtoto wa Hale nakupa ruhusa rasmi, usingizie umeme. Hauna mdomo wa kujitetea."

Nilicheka, Mungu anisamehe, kisha nikaenda nyumbani nikaupamba uongo ule. Mimi nikianza kuwaza siachi. Nikaupangia tarehe, nikauwekea mvua na radi, nikafikiria atauliza nini nami nitajibu nini. Uongo ukawa nyumba yenye vyumba vingi, na kila chumba nilichoingia nilimkuta Mwalimu amekaa humo, anapangusa vidole, ananisubiri.

Siku ya tisa nikapata wazo jingine. Nifungue yale mafupi, huenda yatatosha, huenda nikampa hayo nikasema ndiyo yote. Nikavaa vipokea sauti, nikasikiliza kwa makini jinsi mhariri anavyosikiliza, nikitafuta mishono, pale nilipokata nikaunganisha. Na kwenye mshono mmoja, katikati ya swali la Mwalimu na jibu, nikasikia pumzi. Mtu alikuwa amevuta pumzi ili aseme. Likatoka "mi", mwanzo tu wa "mimi", kisha mkasi wangu ukapita. Nikarudisha nyuma. "Mi." Nikarudisha tena. Sikuweza kumtambua ni nani. Mmoja wa wenzangu arobaini na tatu alikusanya ujasiri mbele ya darasa zima, akafungua mdomo, nami nikamfunga. Nilikaa pale na ile silabi moja ikiniita hadi mwanga wa jioni ukaisha ukutani.

Asubuhi nikapanda basi la Handeni. Sikumpigia simu, maana nilijua nikisikia sauti yake nitageuza nia. Mashamba ya mkonge yalipita dirishani, mistari kwa mistari, ikifunguka na kujifunga kama kurasa anazozifungua mtu asiyesoma. Kisha vichaka, kisha udongo mwekundu na ng'ombe wa Wamasai wakivuka barabara bila haraka, na dereva akiwasubiri. Nilikuwa na hisia kwamba si mimi ninayekwenda, ni nchi ndiyo inayorudi nyuma.

Nilimkuta barazani na mkewe, wamekaa mkekani wanapukuchua mahindi ya mbegu.

"Shikamoo, Mwalimu. Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu! Karibu, karibu sana!" Mama Mhando akanisogezea kigoda. "Umefanya vizuri kuja. Huyu tangu astaafu anafundisha mbuzi wangu. Anawauliza maswali kisha anawasubiri wajibu."

"Na wanajibu," akasema Mwalimu. "Ila wewe huwasikilizi."

Nikachukua hindi, nikaanza kupukuchua nao, kwa kuwa mikono ikipata kazi mdomo nao hupata nguvu. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Yote yalinikimbia.

"Mwalimu, yale masomo hayapo."

Punje ziliendelea kuanguka. "Yamepotea?"

Mlango wa ile nyumba yangu ya uongo ulikuwa mbele yangu, wazi, hauna hata kufuli. "Hayakupotea. Niliyafuta. Kwa mkono wangu, kabla hata sijaenda Kwamndolwa. Nilitaka nafasi ya kurekodi mahafali. Nikabakiza niliyoyafupisha, yasiyo na majibu ya wanafunzi."

"Yote?"

"Yote, Mwalimu."

Akaweka gunzi chini. Akainuka, akavaa kandambili, akazunguka nyuma ya nyumba. Mama Mhando alinitazama, wala hakuniambia nitulie, wala hakunifukuza. Alinisogezea mahindi mengine. Tulipukuchua wawili hadi kivuli cha paa kikafika miguuni kwetu. Sijui ulikuwa muda gani. Nilisikia mbuzi tu, na upepo kwenye mabua makavu.

Aliporudi alikuwa amenawa uso. "Nimekasirika," akasema, akiketi. "Nimekwenda kukasirikia kule nyuma ili nisikukasirikie wewe hapa. Bado haijaisha, lakini inazungumzika." Akaokota hindi jingine. "Hata yule binti wa robo kafutika?"

"Binti yupi, Mwalimu?"

"Niliuliza kwa nini mtoto husema robo ni kubwa kuliko nusu. Mkakaa kimya sana siku ile. Nilitegemea mtu aseme ni kwa sababu nne ni kubwa kuliko mbili. Yuko mmoja akasema, kwa sababu nyumbani kwao inanunuliwa robo. Robo ya sukari, robo ya mchele. Nusu mtoto hajawahi kuiona. Mkacheka nyote." Akatazama mikono yake. "Nilifundisha miaka yangu yote, sikupata kusikia jibu kama lile. Nilitaka lifungue kitabu. Jina lake silikumbuki, wala sikumbuki alimaliziaje."

Mimi nilikumbuka. Nilikumbuka hata nilipoweka mkasi, kabla ya kicheko na baada yake, kwa kuwa kicheko kilikuwa kirefu na bando ni ghali. "Ni Neema," nikasema. "Anajitolea kufundisha Makuyuni."

"Ahaa," akasema Mwalimu.

Mwanangu, hakusema nimekusamehe. Usidhani kila ukweli unalipwa papo hapo kwa kusamehewa. Alinipa ugali na mlenda, akanipa debe la mahindi nimpelekee mama yangu, akanisindikiza hadi kituoni. Na mimi, kabla basi halijaondoka, nilimwambia nilichoamua. Sikuwaza mara mbili, jambo ambalo kwangu ni la ajabu. Nikamwambia nitawatafuta wote arobaini na tatu, mmoja mmoja, niwaulize walijibu nini, na nitarekodi bila kukata.

"Watakuwa wamesahau," akasema.

"Wengine, Mwalimu."

Wiki iliyofuata nilimwomba Ombeni kamera, tukaenda Makuyuni. Neema alitukaribisha darasani baada ya watoto kutoka. Nikamuuliza habari ya robo. Akacheka, akajifunika uso kwa khanga. "Mimi? Nilisema hivyo? Wallahi sikumbuki, Zube. Ila ya Hamisi nakumbuka. Unamkumbuka Hamisi na sifuri yake?" Akaanza kueleza, akakwama, akatazama dari. Ombeni alinitupia jicho, kidole kikiwa juu ya kitufe, akiuliza asimamishe au la. Nikamtikisia kichwa aendelee. Akaendelea. Neema alitafuta, akatafuta, kisha akaipata ya Hamisi, na nyuma ya Hamisi ikatoka habari ya mama yake mwenyewe na ile robo ya sukari, ambayo darasani hakuwahi kuimalizia kwa sababu ya kicheko chetu.

Hadi leo nimewafikia kumi na mmoja. Wawili hawakukumbuka lolote, na mmoja hakutaka kuniona. Kila ninachopata nakipeleka Handeni kikiwa kizima, nami napokea nilichostahili, mara chai, mara ukali. Maji yakimwagika hayazoleki, ni kweli. Lakini pale yalipomwagikia pana unyevu, na mwenye subira atapachimba.

Sasa shika haya, wewe unayeichukua kazi yetu. Ukirekodi maneno ya mtu, umeshika amana. Usipime thamani yake kwa macho yako tu, wala kwa makofi ya wanaotaka kitu kifupi. Fupisha ikibidi, watu wana shida zao, lakini kilicho kizima kiweke mahali, na kabla hujafuta muulize mwenyewe. Kama umeshafuta, nenda ukaseme, nenda kabla hujapanga maneno, kwa miguu yako. Mficha maradhi kilio humfichua. Utaogopa, mimi niliogopa kuliko wewe. Nenda hivyohivyo na woga wako.

Mungu akupe mkono mwepesi kwenye kamera na mzito kwenye mkasi. Akupe masikio ya kusikia aliyevuta pumzi akitaka kusema. Na siku utakapokosa, kwa kuwa utakosa, akukutanishe na mtu atakayekwenda kukasirika nyuma ya nyumba, kisha akarudi kukaa nawe. Amina.